Nililegeza Valvu ya Mashine ya Mume Wangu kwa Wivu

Mimi ndiye niliyemharibia mume wangu mguu. Si shetani, si bahati mbaya, si mtu wa kazini kwake. Ni mimi, mkewe wa ndoa, kwa mkono wangu huu wa kulia na spana aliyonifundisha mwenyewe kuishika.

Nimelibeba neno hili miaka mingi mpaka limenichosha. Leo nalitoa. Majina nimebadilisha, lakini mambo yenyewe sijayabadilisha hata kidogo. Mkitaka kunitukana, nitukaneni. Nastahili!

Tulikuwa tunakaa Bariadi, jirani na jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa miaka ile watu binafsi wameanza kuruhusiwa kununua pamba na kununua viwanda. Jineri yetu ilikuwa ya ushirika, ikapata mwenyewe mpya. Basi kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, maana lilikuwa limeingia neno moja baya sana: kupunguzwa. Leo unasikia fulani kapunguzwa, kesho fulani. Nani alikuwa anampelekea meneja maneno? Hakuna aliyejua. Watu waliokuwa wakila pamoja mchana wakaanza kula kila mtu na bakuli lake.

Mume wangu nitamwita Masanja. Yeye na rafiki yake, nitamwita Shija, walikuwa wafyekaji pale. Kwenye jineri nyasi haziachwi zikue, maana zikikauka karibu na marobota ya pamba, cheche moja tu inamaliza kila kitu. Kundi zima la wanaume lilikuwa linafyeka uwanja ule kwa mikono. Mwenyewe mpya akaleta mashine ya kukata majani, mtumba kutoka ng'ambo, kundi zima likapunguzwa. Wakabaki wawili tu: Masanja wa kuiendesha, Shija wa kutunza banda, funguo na vifaa.

Jamani, ile mashine! Msifikiri ni vile vimashine vyepesi vya kusukuma. Ilikuwa nzito, ina injini kubwa na visu chini, na mwendeshaji anatembea nyuma yake ameshika mipini yake miwili. Haina klachi wala gia. Kila gurudumu lina pampu yake, na kinachosukuma ni oili.

"Hii ni haidroliki, mama watoto," Masanja aliniambia siku ya kwanza, macho yanamng'aa. "Oili ikiwa safi na hewa haijaingia, inaenda yenyewe. Wewe unaielekeza tu."

Jumapili baada ya kanisa alikuwa ananichukua tukaihudumie. Wanawake wengine walikuwa wanatembea sokoni na waume zao, mimi nashika jeki! Na nilipenda. Tunasafisha majani yaliyoganda kwenye feni, maana feni ikiziba oili inachemka. Tunaangalia oili kwenye tangi lake. Anaubonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona kama umelegea. Tunapima upepo wa matairi, yawe sawa, la sivyo majani yanakatika upande mmoja juu, mwingine chini. Tunanyanyua magurudumu ya nyuma kwa jeki, anawasha, anaachia mipini. Gurudumu likizunguka lenyewe, anarekebisha nati mpaka litulie. Na mashine ikivuta upande mmoja, kuna nati nyingine ya kurekebisha ili iende moja kwa moja.

Halafu kulikuwa na zile valvu mbili, moja kwa kila pampu. Injini ikigoma, unazilegeza kwa spana, oili inapita bure, mashine inasukumika kwa mkono mpaka bandani. Ukimaliza, lazima uzikaze. Mara nyingi nilizikaza mimi, na yeye anakuja nyuma yangu kuzishika kwa vidole.

"Hapo sawa," anasema. "Wewe ungekuwa mwanaume ungenipokonya kazi."

Tulicheka! Sikujua kwamba kuna siku nitaikumbuka kauli hiyo nikilia.

Mabadiliko yalianza taratibu. Kwanza, Masanja aliacha kunichukua Jumapili. "Pumzika," akasema. Mimi nilikuwa nimeomba kupumzika? Nikajiuliza, kuna nini bandani ambacho hataki nikione?

Halafu akaanza kula ugali kwa kijiko.

Msicheke. Mwanaume wa Kisukuma, aliyelelewa kijijini Mwamapalala kwenye ng'ombe, anakaa kwenye ugali na mboga ya mlenda anaomba kijiko! Nikamuuliza, "Kijiko umezoea kwa nani?" Akakasirika, akala kidogo, akanyanyuka.

Alikuwa ananikumbatia akirudi kazini. Akaacha. Nikimshika mkono anautoa, anauficha mfukoni. Mtoto akimpelekea kiatu amfungie kamba anasema, "Nenda kwa mama yako." Nikaona huyu mtu ametutoka moyoni, mimi na watoto.

Na Jumamosi akawa anaenda Maswa.

"Natafuta mkanda wa mashine," anasema. Anapanda lori la mbegu za pamba asubuhi, anarudi jioni. Mkanda hana. Jumamosi nyingine tena, mkanda. Anarudi, mkanda hana. Lakini siku hizo anaporudi mikono yake inanukia! Si grisi, si petroli. Mafuta mazuri yaliyochanganywa na majani fulani ya kunukia, toka vidoleni mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nikilifua shati lake nainusa mikono yake kama mbwa. Mwanamke gani anampaka mume wangu mafuta mpaka viwiko?

Nilianza kumpeleleza. Nikapekua mifuko. Nikamuuliza Shija, "Shemeji, huko Maswa rafiki yako ana nani?" Shija akasema hajui, akaangalia pembeni. Nikasema moyoni, na huyu yumo! Wote wananicheka.

Jumamosi moja nikamwacha Masanja apande lori lake, mimi nikapanda gari la abiria lililofuata. Maswa nikamwona stendi. Nikamfuata kwa mbali, kanga nimejifunika hadi kwenye paji la uso. Akapita maduka ya vipuri. Hakuingia hata moja! Akaenda mpaka mtaa wa Binza, kwenye nyumba yenye ua wa minyaa. Akapiga hodi. Mwanamke akafungua, mtu mzima kidogo kuliko mimi, ana kitenge kizuri, kichwa kimesukwa. Akamshika Masanja mikono yote miwili, pale pale mlangoni, akamwingiza ndani. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye jiwe la mtu nikiwa sioni wala sisikii. Ningeenda kugonga ule mlango siku ile, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini niliona aibu kufumania kwenye mji wa watu. Nikarudi Bariadi, nikampikia chakula cha jioni, nikamtengea na kijiko chake.

Wiki ile nikawaza: nitamzuiaje asiende? Nikimgombeza ataondoka moja kwa moja. Nikaona njia. Mashine ikianza kuvuta upande, Masanja haondoki pale mpaka airekebishe. Nilikuwa namjua. Atashinda Jumamosi yote bandani, na yule wa Binza atasubiri mpaka achoke.

Hivyo tu. Naapa mbele ya Mungu, nilitaka hivyo tu! Sikutaka aumie.

Ijumaa mchana nikampelekea chakula. Shija alikuwa ameitwa ofisini kwa meneja, Masanja ameenda bombani kunawa. Banda li wazi, mashine imesimama pale imefutwa inang'aa. Spana iko kwenye ndoano yake. Nikainama upande wa kulia, nikaipata ile valvu, nikailegeza. Si yote. Nusu mzunguko. Nilijua ukiilegeza yote gurudumu haliendi kabisa na ataigundua hapo hapo. Ikilegea kidogo, gurudumu la kulia litakuwa dhaifu, mashine itavuta kulia. Nilihesabu ataiona jioni ile ile akiiwasha tena.

Nikairudisha spana. Masanja akaja, akala. Akaniambia, "Asante, mama watoto." Nikaitikia!

Jumamosi asubuhi nikafurahi nilipoona hajapanda lori. Kumbe Ijumaa hakuiwasha tena, wala hakubaki kwa ajili ya valvu yangu. Meneja alikuwa ametangaza wanunuzi wanakuja kuitazama jineri, na uwanja wote ukatwe, pamoja na ule ukingo unaopanda kutoka kwenye mtaro wa saruji hadi barabarani. Hilo mimi sikulijua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Shija mwenyewe. Mashine ilivuta kulia tangu ilipotoka bandani. Masanja akasimama. Akapima upepo wa matairi, sawa. Akabonyeza mkanda, sawa. Akainama akazishika valvu zote mbili kwa vidole. Akasema zimekaza.

Shija akamwambia, "Ngoja niangalie na mimi."

Masanja akamkatalia. "Niachie. Mashine naijua mimi."

Basi akachukua spana akarekebisha ile nati ya mwelekeo, mpaka mashine ikaenda moja kwa moja. Akakata uwanja wa tambarare wote bila shida. Kumbe ugonjwa ameufunika, hajautibu. Oili ilipopata moto ikawa nyepesi, ikazidi kupita pale nilipolegeza mimi. Alipoipandisha ule ukingo, katikati gurudumu la kulia likakosa nguvu kabisa. Mashine ikageuka, ikamrudia. Akajaribu kuishikilia. Ikamsukuma mpaka mtaroni, ikamwangukia mguu juu ya saruji.

Nilikuwa naosha vyombo niliposikia ule muungurumo umekatika ghafla na watu wanapiga kelele. Nilikimbia na mikono ina povu. Nilimkuta wameshainyanyua mashine, amelala kwenye majani aliyoyakata, uso umekuwa rangi ya majivu. Mguu sitausimulia.

"Imerudi," alikuwa anasema. "Imekataa kupanda, imerudi. Nilizishika, mama watoto. Nilizishika zote mbili, zilikuwa zimekaza."

Ee Mungu wangu! Nilipiga magoti pale nikapiga yowe, na watu wakanishika mabega wakisema pole, mke mwema huyu, tazama anavyompenda mumewe.

Walimpeleka hospitali Maswa. Madaktari walihangaika na ule mguu, mwishowe wakaukata chini ya goti.

Sasa sikieni. Siku moja nimekaa kando ya kitanda chake, mlango ukafunguliwa, akaingia yule mwanamke wa Binza. Kitenge kile kile! Mkononi ana chupa ya mafuta. Damu ikanipanda. Nikasimama, tayari kumrukia mbele ya wagonjwa.

Akanipigia magoti kidogo. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia Kisukuma kwa heshima. "Wewe ndiye mkewe? Pole sana. Mimi ni mkandaji. Nakanda watu wenye maumivu ya mishipa na waliovunjika. Huyu nilikuwa namkanda vidole."

"Vidole gani?" nikauliza.

"Hakukwambia? Vidole vyake vimekufa ganzi. Mtetemeko wa ile mashine. Asubuhi vinakuwa vyeupe kama vya maiti, hasikii hata ukimchoma sindano. Alikuja kwangu ananiomba nisimwambie mtu. Alisema wakijua kazini atapunguzwa, na wewe ukijua utamkataza kwenda kazini."

Nilimgeukia Masanja. Akageuzia uso ukutani. Machozi yanamtoka.

Kijiko! Kamba za kiatu! Mikono mfukoni! Yote yakaniporomokea kichwani kwa pamoja. Na ile valvu. Alizishika, lakini kwa vidole visivyosikia. Angekuwa na vidole vyake vya zamani, angejua mara moja kwamba moja imelegea.

Ndiyo ilikuwa saa ya kusema, nikiwa nimeshika fremu ya kile kitanda. Sikusema. Nilimpokea yule mama chupa yake, nikamwambia wabeja, yaani asante.

Laiti ubaya wangu ungeishia hapo!

Fundi aliletwa kutoka Mwanza kuikagua mashine. Akasema valvu ya kulia ilikuwa imelegezwa, na valvu ile haijilegezi yenyewe hata mashine itetemeke namna gani. Kuna mtu. Meneja akauliza, funguo za banda anazo nani? Shija. Nani angepewa mashine kama Masanja asingekuwepo? Shija. Basi! Uwanja mzima ukageuka. Watu waliokuwa tayari wanatiliana shaka walipata wa kumshuku. Masanja alipopelekewa habari hospitalini, alisema, "Ndiyo maana alitaka kuzigusa. Alitaka kuficha alichokifanya."

Shija alikuja nyumbani kwetu siku Masanja aliporudi na magongo. Alisimama uani, kofia mkononi. Majirani wakajaa. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hakugusa. Masanja akamtemea mate miguuni.

Shija akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe unanifahamu. Nimekula kwako miaka yote. Sema kitu."

Na mimi nikasema, "Mimi nitajua nini mambo ya mashine?"

Aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu sana, kwa sababu Jumapili zote zile yeye ndiye aliyekuwa anatufungulia banda. Alikuwa ameniona na spana mkononi mara ngapi! Kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Alifukuzwa kazi. Masanja naye hakurudishwa, mtu wa mguu mmoja wangemweka wapi wakati wenye miguu miwili wanapunguzwa. Shija akawa hasalimiwi, hata dukani akiingia watu wananyamaza. Mke wake aliniambia sokoni kwamba wameitwa wachawi. Mwishowe wakahama, wakaenda Lamadi, ziwani.

Mimi nikabaki namlisha mume wangu, namfunga shati, nasifiwa kanisani. Kila sifa ilikuwa inaniingia kama mwiba. Nilikuwa nikisikia watu wanaongea chini nadhani wananiongelea mimi. Mtu akigonga mlango nadhani amekuja kunichukua. Nilikonda mpaka ndugu zangu wakaniuliza kama naumwa.

Miaka ikapita hivyo, watoto wakakua. Siku moja mwanetu mkubwa aliposema anataka kuoa, na binti mwenyewe akawa ni ndugu wa mke wa Shija, Masanja alipiga gongo chini. "Watu wa yule katili hawataingia nyumba hii!" Kijana akatoka analia. Hapo nikashindwa. Nilikaa chini mbele ya Masanja, sakafuni, nikamwambia yote. Binza, mlango, valvu, nusu mzunguko. Yote.

Hakunipiga. Hakupiga kelele. Akauliza neno moja tu: "Shija yuko wapi?"

Tulikwenda Lamadi. Tulimkuta anaanika dagaa na mkewe, amezeeka kuliko umri wake. Masanja alitupa gongo moja akataka kupiga magoti kwa mguu mmoja, Shija akamwahi, akamshika. Wakalia wale wanaume, nami nimesimama pembeni kama mzigo usio na mwenyewe.

Shija akaniambia, "Nilijua, shemeji. Siku ile uliposema hujui mambo ya mashine, nilijua. Nilisema kwa watu, nani angenisikia? Funguo nilikuwa nazo mimi. Nimekuombea mabaya miaka yote hii, sitakuficha."

Alimpa Masanja mkono. Mimi nilinyoosha wangu. Aliuangalia, akarudi kwenye dagaa wake. Simlaumu.

Harusi ya kijana wetu ilifanyika. Masanja hakunifukuza, watu wa ukoo walimshauri anifukuze akakataa. Lakini sikilizeni ndani kwangu kukoje. Nikimtengea chai, hanywi mpaka nianze mimi. Nikimsogezea gongo lake, analikagua kwanza kama nati zake zimekaza. Halipiti neno langu bila yeye kulipima. Hasemi kitu, anapima tu. Mimi nilimshuku bila sababu. Yeye ananishuku na sababu anayo. Huwezi kumwambia mtu kama huyo aache.

Dada zangu, na ninyi wanaume pia, ukiona mwenzio amebadilika, muulize. Akikasirika, muulize tena. Gonga ule mlango, fumania kama ni kufumania, uone kwa macho yako kilichomo ndani! Usikae na picha uliyoichora mwenyewe kichwani ukaanza kuifanyia kazi. Na usiguse chombo cha kazi cha mtu kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, iwe mashine, baiskeli, mtumbwi, hata jembe. Hujui atakipeleka wapi kesho.

Na wewe unayesoma hapa, ambaye kuna mtu anabeba kosa lako na wewe umenyamaza, wewe ndiye ninayekuambia zaidi. Usisubiri kama mimi. Nenda kaseme leo, mtu huyo akiwa bado hai, hata kama hatakupa mkono.